Ramani inasema tumefikiwa, ndani ya nyumba hakuna kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa kooni muda. Kila zikitoka habari za mtandao vijijini utasikia asilimia tu, minara imeongezwa, wananchi asilimia kadhaa wamefikiwa, ramani imepakwa rangi yote, na sisi tunaokaa mbali na barabara kubwa tunazisoma hizo habari tukiwa tumesimama nyuma ya nyumba kwenye ile kona moja ambayo ndo inashika netiweki. Nnachotaka kusema ni kwamba kufikiwa na mawimbi ni kitu kimoja na kuwa na intaneti nyumbani ambayo unaweza kuilipia mwezi huu na mwezi ujao ni kitu kingine kabisa, sasa wanaopanga haya mambo wanahesabu hicho cha kwanza alafu wanatangaza kama wamemaliza vyote viwili.

Na sio kwamba hawajui. ITU, lile shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti. Msomaji anaweza kudhani wote hao wapo porini kusiko na mnara, hapana, walio wengi wanaishi ndani ya eneo lenye mawimbi ya data ya simu, kinachowashinda ni bei ya kifaa, bei ya bando, umeme, na wengine hawajaonyeshwa hata hiyo intaneti itawasaidia nini. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo 2025 bei ya kifurushi cha kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Lengo zuri, silipingi, lakini angalieni hilo neno wastani linafanya kazi gani. Wastani unachanganya mwenye mshahara wa mjini na anayesubiri mavuno, kwa hiyo kama wewe kipato chako ni moja ya tano ya huo wastani basi ile asilimia 2 kwako imeshakuwa asilimia 10, na bado kwenye karatasi nchi yako imefaulu. Alafu hicho kifurushi cha kuanzia kilichopimwa mwaka 2024 kilikuwa data ya simu ya GB 2 kwa mwezi. GB 2! Saa moja ya video ya HD inaweza kula mpaka GB 3. Mtoto akifuatilia somo moja kwa video nzuri mwezi umekwisha.

Turudi kwenye ramani kwanza manake ndo chanzo cha maneno mengi. Ramani nyingi za mtandao hazitengenezwi kwa mtu kwenda kupima nyumba kwa nyumba, zinatengenezwa na kompyuta, wanaingiza nguvu ya mnara, urefu wake, masafa yanayotumika (yaani frikwensi, zinahesabiwa kwa MHz) na umbo la ardhi, kompyuta inakadiria mawimbi yatafika wapi. Na makadirio mengi ni ya mtu aliyesimama nje. Ukiingia ndani, ukuta mnene unapunguza, paa la bati linarudisha mawimbi yalikotoka, kilima kikikaa katikati ndo basi. Tena inategemea mnara unatumia masafa gani, yale ya chini, yaani MHz 700, 800 au 900, yanakwenda mbali na yanapenya vizuri kidogo, yale ya MHz 2600 yanabeba data nyingi ila hayafiki mbali. Ndo maana jirani mwenye laini ya kampuni ile anapiga simu vizuri na wewe mwenye laini ya kampuni hii unazunguka uwanja na simu mkononi, mnara unaweza kuwa ni uleule mmoja.

Sasa kabla hatujafika kwenye kulalamikia wakubwa naomba nitumie nafasi hii kuwaambia wasomaji wenzangu wa mashambani kitu ambacho wauzaji wengi hawasemi. Msinunue rauta, kile kifaa cha kusambaza intaneti ndani ya nyumba, kwa kuangalia boksi lake. Kwanza pima. Simu nyingi zina sehemu kwenye setingi inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi, au weka apu ya kupimia, na ile namba ya 4G inaitwa RSRP, ikiwa kama -85 uko vizuri sana, ikiwa -115 hapo unahangaika. Pima kwa laini za kampuni zote unazoweza kuazima, pima ndani, pima nje, na kama kuna namna salama pima juu, manake mita chache za kupanda zinaweza kukutoa nyuma ya kilima. Vile vijiti vya netiweki kwenye kioo cha simu visikudanganye, kila simu ina namna yake ya kuvihesabu. Na hata mawimbi yakiwa na nguvu spidi inaweza kuwa mbovu jioni kwa sababu mnara mmoja umebeba watu wengi, hapo hata antena haikusaidii, jaribu kupima asubuhi na usiku uone tofauti.

Ukishajua upande mawimbi yanakotokea ndo unafikiria antena ya nje, ile ya kuelekeza. Hapa wengi wanaibiwa bila kujua. Unauziwa antena nzuri na waya mwembamba mrefu, waya aina ya RG58 mita 10, unaifunga juu ya nguzo alafu unashangaa mbona hali ni ileile. Ule waya unavuja kama bomba lenye matundu, kwenye masafa ya 4G mita 10 zake zinaweza kukubakizia robo ya mawimbi au hata chini ya hapo, kwa hiyo ulichokipata juu umekimwaga njiani. Au tumia waya mnene wenye upotevu mdogo na uwe mfupi, au, na hii ndo naipenda mimi, chukua rauta ya nje yenye antena ndani yake, ifunge hukohuko juu, alafu shusha waya wa mtandao wa kawaida ambao unabeba data na umeme kwa pamoja, huo unakwenda mpaka mita 100 bila shida. Na antena ziwe mbili au iwe ya njia mbili, manake 4G inatumia njia mbili kwa wakati mmoja, ukifunga moja umejinyima nusu mwenyewe. Usisahau kinga ya radi na waya wa ardhini, nguzo ndefu juu ya nyumba iliyo peke yake sio jambo la mchezo.

Satelaiti nitaigusa haraka manake siku hizi kila ukisema huna mtandao unajibiwa nunua dishi. Zile satelaiti za zamani zinakaa km 35,786 juu ya ikweta, swali lako linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, mwanga wenyewe unatumia karibu nusu sekunde, ukiongea kwa video mnakatizana tu. Hizi mpya kama za Starlink zinazunguka kama km 550 hivi kwa hiyo hilo tatizo karibu limeisha, na kwa mtu ambaye kweli hana mnara wowote ni mkombozi, siwezi kubisha. Lakini ukiondoa gharama ya kununua kifaa, kuna gharama ambayo matangazo hayasemi, umeme. Dishi la kawaida linakula wati 50 hadi 100 hivi, kutegemea toleo, muda wote likiwa limewashwa, ukiliacha saa 24 ni zaidi ya uniti moja kwa siku, sasa kwa nyumba inayotegemea sola hiyo inaweza kuzidi taa zote na redio na kuchaji simu ukijumlisha. Rauta ndogo ya 4G inakula wati chache tu. Kwa hiyo anayekwambia bei ya mwezi ya dishi bila kukwambia bei ya paneli na betri amekutajia nusu ya hesabu.

Kwangu mimi suluhisho la nyumba za mbali ni kugawana, na hapo ndo sheria zinatukaba. Mtu mmoja aliye juu ya kilima anaona mnara, au faiba, ule waya wa intaneti ya kasi, inapita kwake, anaweza kurusha mtandao kwa majirani kwa vifaa vya waifai vya kuelekezana, vidogo tu, masafa ya GHz 5, na linki ya km 5 au 10 ni kawaida kabisa ilimradi pande mbili zinaonana. Kuonana kwenyewe sio kuona tu kwa jicho, lazima pawe na nafasi wazi kuzunguka ule mstari, kwa km 5 katikati panahitaji kama mita 8 kila upande, ndo maana miti ikikua mtandao unaanza kusumbua na watu wanasingizia kampuni. Gharama ya laini moja kubwa ikigawanywa nyumba kumi kila mtu anaweza kupumua. Hii sio ndoto. Kule Catalonia, Hispania, guifi.net walianza hivyohivyo mwaka 2004 kwa sababu kampuni hazikuona faida ya kuwafikia wanavijiji, leo wana nodi, yaani vituo vilivyounganishwa, zaidi ya elfu 30. Afrika Kusini, Mankosi huko Eastern Cape, wanakijiji wana ushirika wao unaitwa Zenzeleni, walisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western Cape, vituo vyao vya waifai vinatumia sola na wanakijiji ndo wenye mali. Na Uingereza tajiri hiyohiyo, Lancashire, wanavijiji wakiwemo wakulima walichoka kusubiri wakaanzisha B4RN mwaka 2011, wakachimba mitaro wenyewe mashambani mwao, wenye ardhi wakaruhusu faiba ipite bure, sasa nyumba za mashamba zina spidi ambayo watu wengi wa mijini hawana.

Jaribu kufanya hivyo sehemu nyingi uone. Masharti ya kampuni yanakataza kumgawia jirani, mamlaka inataka leseni ileile inayotakiwa kwa kampuni kubwa, fomu, ada, wakili, kwa watu kumi wanaotaka watoto wao wasome. Zenzeleni waliweza kwa sababu mamlaka ya kwao iliwapa msamaha wa leseni. Kumbe inawezekana, ni kalamu tu.

Alafu kuna hizi bando zenyewe. Unaambiwa haina kikomo, ukisoma maandishi madogo kule chini unakuta ukifikisha GB fulani spidi inashushwa mpaka inakuwa ya kutuma ujumbe tu. Nyingine inakwisha muda hujamaliza data uliyolipia, hela yako imekwenda na wao hawajakupa kitu. Nimewahi kuuliza kwa mtoa huduma mmoja hiyo data iliyobaki inaenda wapi, nikajibiwa kwa ujumbe wa kunishukuru kwa kuwa mteja. Nyumbani jilindeni kidogo: kompyuta iwekeeni alama kwamba mtandao ni wa kulipia ili isishushe apdeti zake bila kuuliza, zimeni video zinazojicheza zenyewe, picha za simu zisijipandishe mtandaoni mpaka useme wewe, video tazameni kwa ubora wa chini. Inasaidia sana ila isiwe kisingizio, mwananchi asigeuzwe mhasibu wa megabaiti ili kampuni ionekane nafuu.

Kwa hiyo Mhariri, ninyi mna uwezo wa kuuliza ambao sisi hatuna. Nchi nyingi zina mfuko wa mawasiliano kwa wote ambapo kampuni zinachangia sehemu ya mapato yao ili zipelekwe huduma kule kusiko na faida. Mkikutana na wasimamizi wa mfuko kama huo msiulize minara mingapi imejengwa, hilo jibu wanalo tayari na limepigwa chapa rangi. Waulizeni kama kuna mtu aliyewahi kuingia ndani ya nyumba iliyo mwisho wa eneo la mnara akapima, saa moja usiku, na matokeo yako wapi tuyaone. Waulizeni mnara uliojengwa kwa ruzuku unalazimishwa kubeba kampuni zote au unabaki wa mmoja anayejipangia bei. Waulizeni kikundi cha nyumba kumi kinachotaka kugawana laini moja kijaze fomu gani, ada yake kiasi gani, na kama hiyo fomu haipo waseme itakuwepo lini. Majibu myachapishe ukurasa wa mbele, palepale mnapowekaga ile ramani.

Ni mimi msomaji wenu,
Wa shambani, mwisho wa njia.