Orodha itangulie harambee

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie michango inayokusanywa hapa Kigoma kwa ajili ya shule na zahanati zilizoharibiwa na vita ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, watu wa Ujiji, Mwanga na Kibirizi wamekuwa wepesi wa kutoa, kama mkoa huu ulivyokuwa mwepesi wa kupokea wakimbizi tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996. Moyo upo. Kinachokosekana ni orodha. Kapu hupitishwa kwanza, kisha ndipo kamati inakaa kufikiri inunue nini. Sisi tunaofanya kazi za vifaa tiba, ualimu na uwakala wa forodha tunasema mpangilio huo ugeuzwe, maana hasara karibu zote tunazozitaja hapa chini zinaanzia hapo.

Orodha haiandikwi Kigoma. Inaandikwa na muuguzi anayeshika zahanati yenyewe, ikapitiwa na daktari mkuu wa zoni ya afya, yaani eneo la huduma za afya la huko. Kwa shule, inaandikwa na mwalimu mkuu, au direkta kama wanavyomwita huko. Karatasi moja inatosha. Je, jengo lina bati, au maji ya mvua yanaingia? Umeme unatoka wapi, na kwa saa ngapi kwa siku? Maji yanatoka wapi? Nani atakitumia kifaa, na nani atakitengeneza kikiharibika? Vitu gani vimebaki ambavyo vinaweza kutengenezwa? Swali hili la mwisho kamati nyingi hulisahau, na ndilo linalookoa fedha nyingi. Kitanda cha kujifungulia kilichovunjika egemeo la mguu kinahitaji fundi wa kuchomelea na kipande cha bomba. Hakihitaji kitanda kipya kutoka Dar es Salaam. Na kama askari waliwahi kulala katika jengo hilo, kabla ya fundi kupanda darini au mtoto kuingia darasani, lazima wataalamu wa kutegua mabomu walipitie, pamoja na uwanja, choo na kisima. Hilo halina mjadala.

Tuchukue mashine ya oksijeni, ile inayochuja oksijeni kutoka hewani kwa umeme, ambayo kila harambee huitamani kwa sababu huokoa watoto wenye nimonia. Mashine ya lita 5 kwa dakika inakula umeme wa wati 350 hivi. Ikiwaka saa 24, ni zaidi ya uniti 8 kwa siku. Betri ya sola ya risasi na asidi, ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 200, kama hutaki kuiua mapema, hutumika nusu tu ya uwezo wake, yaani uniti 1.2, na hizo ni kama saa tatu za mashine. Kwa hiyo zahanati isiyo na umeme wa gridi inahitaji paneli nane za wati 300 na betri tano au sita, na jua liwe zuri, ili mashine moja iweze kuvuka usiku. Hesabu hiyo isipofanywa, mashine itaishia stoo ikiwa bado na nailoni yake.

Halafu kuna suala la volti. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Watu hudhani transfoma inamaliza tatizo. Transfoma hubadili volti, haibadili mizunguko. Umeme wa kwetu na wa Kongo ni wa mizunguko 50, hivyo mota ya kompresa huzunguka polepole kuliko ilivyopangiwa, hupata joto, na oksijeni inayotoka hupungua. Plagi nazo zinatofautiana: huku kwetu ni ya pini tatu bapa, huko ni ya pini mbili za mviringo. Fundi mwenye haraka huikata plagi, akafunga waya mbili na kuiacha ya ardhi ikining'inia. Nunueni plagi sahihi pamoja na stabilaiza, kifaa cha kutuliza volti, kabla mzigo haujaondoka.

Mashine hiyo hiyo ikikaa miezi bila kuwashwa, punje za kuchujia zilizo ndani hufyonza unyevu. Ikiwashwa itanguruma kama kawaida na mapovu yataonekana kwenye chupa yake ya maji, lakini kinachotoka ni hewa tu. Masikio hayawezi kuugundua ubovu huo. Kipimo kidogo cha oksijeni ndicho kinachousema: ikisoma chini ya asilimia 82, mashine isimguse mgonjwa. Kipimo hicho kiwe ndani ya boksi pamoja na vichujio vya akiba na mirija ya pua ya watoto wachanga na ya watoto wakubwa. Kichujio cha sponji huoshwa kila wiki kwa maji na sabuni, kikaushwe kabisa ndipo kirudishwe.

Kwa maoni yetu, fedha zikiwa chache, kitu cha kwanza kununua si mashine ya oksijeni. Ni otoklevu, kile chungu cha mvuke cha kutakasia vifaa, kwa sababu bila hicho hata mkasi wa kukatia kitovu ni hatari. Chukueni ya lita 24 au 39 inayokaa juu ya jiko la gesi au la mkaa. Zipo aina za mfuniko wenye mpira, na zipo za chuma kwa chuma zinazokazwa kwa skrubu pande zote. Hizi za pili ni ghali zaidi, lakini ndizo tunazozipendekeza, kwa kuwa mpira hukauka, mvuke ukavuja na chungu kisipande presha tena. Mkinunua ya mpira, wekeni mipira miwili ya akiba. Aina zote mbili zinahitaji valvu ya usalama ya akiba, geji ya akiba na tepu za kiashiria, zile zinazobandikwa kwenye pakiti na kubadilika rangi kwa joto.

Chungu kizuri nacho huweza kudanganya. Kosa linalojirudia ni kufunga valvu ya kutolea hewa kabla hewa haijatoka. Geji ya presha itapanda kama kawaida, lakini ndani mna hewa iliyochanganyika na mvuke, na joto halijafika nyuzi 121. Vifaa vinatoka vikiwa vya moto na vijidudu vyake viko hai. Utaratibu ni huu: maji hadi kwenye alama, jiko liwake, mvuke uachwe utoke kwa nguvu mfululizo angalau dakika tano, ndipo valvu ifungwe. Kuhesabu muda kunaanza pale nyuzi 121 zinapofikiwa, si pale jiko linapowashwa, na vifaa vilivyofungwa kitambaa vinahitaji dakika 30. Kopo la vifaa likijazwa kwa kushindiliwa, mvuke haupiti katikati. Tepu ikibadilika rangi inakuambia kwamba pakiti imepita kwenye joto. Haikuambii kwamba katikati ya pakiti ni salama. Maelekezo haya yabandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kifaransa, yakiwa yamelaminetiwa.

Vifaa vya kujifungulia vinunuliwe kwa seti tatu kwa kila kitanda: moja inatumika, moja iko kwenye chungu, moja ni akiba. Kila seti iwe na koleo mbili za kubania kitovu, mkasi wa kitovu, mkasi mwingine mbali na huo, bakuli la umbo la figo na kibonyeo cha mpira cha kufyonzea ute. Chumba kiwe na mfuko wa kumpulizia hewa mtoto mchanga wenye barakoa namba 0 na namba 1. Hadubini ya malaria iwe na lenzi ya 100 pamoja na mafuta yake, na iwe na kioo cha kuakisi mwanga wa jua, maana taa ikiungua kazi inasimama. Jokofu la chanjo msilinunue dukani. La nyumbani hugandisha chanjo au huliacha joto lipande. Linalofaa ni la sola lililoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani, linaloshika nyuzi 2 hadi 8, na ununuzi wake upitie idara ya chanjo ya huko.

Haya si mambo ya kubahatisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliohesabu vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Mafunzo hayakuwapo, usimamizi wa vifaa haukuwapo, umeme na maji havikutosha.

Dawa tunawasihi msizikusanye kabisa majumbani. Wakati wa vita vya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, ilikadiriwa kwamba tani zipatazo 17,000 za dawa za msaada hazikufaa kutumika, na gharama ya kuziteketeza ilikadiriwa kuwa dola milioni 34. Fungu la vidonge vilivyobaki baada ya homa ya mtu, bila boksi wala namba ya toleo, halimsaidii muuguzi. Linamwongezea kazi ya kuchambua na kuchoma. Shirika la Afya Duniani linataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja inapofika. Kupeleka dawa nje ya nchi kunahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Afadhali mchango wa dawa upelekwe kama fedha kwa mashirika yanayotumia seti za dharura zilizopangwa tayari, ambazo seti moja kamili huhudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu.

Kwa shule, kosa kubwa ni vitabu. Vitabu vya kiada vya Tanzania havifuati mtaala wa Kongo. Huko Kiswahili hutumika madarasa ya chini, kisha masomo huendelea kwa Kifaransa. Walimu Wakongo walioko Nyarugusu wanaujua mtaala huo na wanaweza kusoma orodha ya direkta na kuitafsiri. Waulizwe kabla kitabu kimoja hakijanunuliwa. Vinavyofaa pande zote mbili za mpaka ni madaftari, kalamu, rula, mipira ya kuchezea na chaki. Chaki za Maswa ni nzuri, ila hunywa maji: zifungwe kwenye nailoni nzito kabla ya kutiwa katoni, vinginevyo zitafika zikiwa unga. Ubao wa mita 1.2 kwa 2.4 unapakwa mara mbili juu ya plasta iliyosuguliwa, na kopo la rangi ya ubao la lita 4 linatosha mbao tano au sita. Plasta ikiwa mbichi, rangi itabanduka ndani ya muhula, kwa hiyo iachwe ikauke vizuri.

Madawati yaliyokwisha kuchomelewa yanajaza boti kabla hayajajaza darasa. Pelekeni miguu ya bomba mraba iliyotobolewa tayari, bolti, nati na washa, pamoja na kipimo cha mbao kilichochorwa, ili mbao zinunuliwe na kurandwa na maseremala wa huko huko. Nao wamepoteza kazi kwa vita. Kiti cha darasa la kwanza kiwe na kimo cha sentimita 30 hivi, cha madarasa ya juu 40.

Usafiri. Upepo wa kusini huchafua ziwa kati ya Mei na Septemba, kwa hiyo mzigo wa miezi hiyo ufungwe kwa nailoni tabaka mbili, hata kama nahodha anasema boti haiingizi maji. Kila furushi liwe chini ya kilo 50, watu wawili waweze kulibeba mwaloni. Betri zisimame wima, vichwa vyake vifunikwe. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo haufuti ushuru wa msaada peke yake. Barua ya msamaha wa kodi iwe mkononi kabla boti haijaondoka, pamoja na ile fomu ya kielektroniki ya mizigo iitwayo FERI, na orodha ya vitu kwa Kifaransa yenye idadi, thamani na namba za mashine. Mzigo ukitangulia karatasi, gharama za bohari huanza kuhesabiwa, na aliyechangia daftari sasa analipia ghala.

Kuhusu fedha, tunapendekeza robo ya kila shilingi iliyochangwa itengwe isiguswe kwa ununuzi: ni ya usafiri, vipuri, mafunzo na nauli ya fundi. Wachangiaji waambiwe hivyo tangu mwanzo, wasije wakaona kamati inawaficha. Namba ya kuchangia iwe lipa namba ya kikundi kilichosajiliwa, si simu ya mtu. Akaunti iwe na watia saini watatu, na jumla ya wiki ibandikwe msikitini, kanisani na sokoni. Zikihitajika dola za kulipia ng'ambo, chagueni noti safi. Yenye mpasuko hata mdogo huko hukataliwa.

Siku ya makabidhiano, muuguzi aendeshe kila mashine mwenyewe huku fundi ametazama, kisha ndipo asaini. Picha ya kuwaonyesha wachangiaji ni ile ya miezi mitatu baadaye, mashine ikiwa imewashwa.

Kamati yoyote yenye orodha mkononi na itutafute kupitia gazeti hili kabla ya kununua. Kuipitia ni kazi ya alasiri moja, na hatutozi chochote.

Mafundi wa vifaa tiba, walimu na mawakala wa forodha,
Kigoma