Euro 84,000 za Ayalandi hutolewa lini, na kwa nani

Mhariri,

Tangu Juni 2023, serikali ya Ayalandi ilipotangaza sera yake ya visiwa, maneno yaleyale yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: hamia kisiwani Ayalandi, upewe euro 84,000. Hakuna anayelipwa kuhama. Hiyo ni ruzuku ya ukarabati, na anayeihesabu kama mtaji wa kununulia nyumba atakwama kabla hajashika funguo.

Ruzuku yenyewe iko nchi nzima. Bara, nyumba iliyo tupu hupata hadi euro 50,000 na iliyokwisha kuwa gofu hadi 70,000. Kwenye visiwa visivyo na daraja inakuwa 60,000 na 84,000, maana kila mfuko wa saruji unavushwa kwa boti. Nyumba iwe imejengwa mwaka 2007 au kabla ya hapo, na iwe imekaa tupu angalau miaka miwili. Kwa gofu, ama jengo liwe kwenye daftari la magofu la halmashauri, ama uwe na ripoti ya mtaalamu wa majengo. Ombi huwasilishwa na kuidhinishwa kabla nyundo ya kwanza haijagonga ukuta. Ukianza kazi mapema, sehemu hiyo imekupita. Kisha unatengeneza kwa fedha zako, mkaguzi anarudi kuona, ndipo unarudishiwa. Kuna mkopo wa halmashauri wa kuziba pengo hilo, lakini nao una masharti yake. Ukiuza ndani ya miaka mitano, unarudisha yote. Kati ya mitano na kumi, asilimia 75.

Kwa ndugu zetu wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya: mgeni yeyote anaruhusiwa kununua nyumba Ayalandi, lakini hati ya nyumba haimpi kibali cha kuishi. Hayo ni mambo mawili, na dalali hana wajibu wa kukueleza.

Turudi kwenye mahesabu. Benki Kuu ya Ayalandi imeweka mipaka: mnunuzi wa mara ya kwanza hukopeshwa hadi mara nne ya kipato chake cha mwaka kabla ya kodi, na si zaidi ya asilimia 90 ya thamani ya nyumba. Mwenye kipato cha euro 36,000 mwisho wake ni 144,000. Ila thamani inayotazamwa ni ya nyumba ilivyo leo, na nyumba isiyo na jiko wala bafu benki nyingi huikataa, au hutoa fedha kwa awamu mhandisi akithibitisha kila hatua. Ndiyo maana magofu mengi huishia kwa wenye taslimu. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 kwa makazi ya hadi euro milioni moja, lakini ardhi inayozidi ekari moja kuizunguka nyumba hutozwa 7.5. Kama jengo halikaliki kabisa, wakili akuambie kabla ya kusaini litaingia upande upi.

Sensa ya Aprili 2022 ilikuta nyumba tupu zaidi ya 160,000, na Tume ya Makazi ikakadiria upungufu wa kati ya nyumba 212,500 na 256,000. Watu huziweka namba hizo pamoja wakashangaa. Nyumba ya shamba haikai tupu bure. Mara nyingi mwenyewe amekufa na mirathi haijathibitishwa mahakamani, hivyo hata ofa yako ikikubaliwa utasubiri miezi. Au ramani ya Tailte Éireann, msajili wa ardhi, hailingani na ukuta ulioko. Au njia ya kufika mlangoni inapita shamba la jirani na hakuna karatasi inayosema una haki ya kupita.

Na kuna tangi la maji taka. Vijijini mara nyingi hakuna bomba la maji taka la umma, na kila nyumba hujisafishia yake. Tangu sheria ya 2012 tangi linatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo dai cheti, ila cheti hakisemi kama linafanya kazi. Katika ukaguzi wa kila mwaka karibu nusu ya matangi yanayokaguliwa hushindwa. Mpeleke mhandisi afunue mfuniko na afuatilie maji yanakwenda wapi: kwenye kitanda cha changarawe kinachoyachuja, au moja kwa moja mtaroni? Je, kitanda hicho kiko ndani ya mpaka wako? Udongo ukiwa mfinyanzi maji hayanywei, kiwanja kikiwa kidogo hakuna pa kuchimba kingine, na kisima kikiwa jirani pima maji kwa vijidudu vya E. coli. Tatizo hili haliondoki kwa kupaka rangi.

Kuhusu kuta: nyumba kongwe za mawe zilijengwa kwa chokaa, sawa na zetu za Lamu na Mji Mkongwe, na ugonjwa ni uleule. Fundi akizipiga plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta huoza. Nyumba mpya nazo zina lao. Katika kaunti za Donegal na Mayo hasa, na pia Clare, Limerick na Sligo, kuna zilizojengwa kwa matofali ya zege yenye madini mabaya. Nyufa husambaa kama utando wa buibui na tofali hubomoka mkononi. Kipimo ni kukata sampuli ya ukuta na kuipeleka maabara. Fidia ipo, lakini aliyenunua baada ya Januari 2020 huku akijua, au alipaswa kujua, hana chake.

Vibali vya ujenzi: nyumba iliyosimama kabla ya 1 Oktoba 1964 haikuhitaji kibali, lakini chumba kilichoongezwa baadaye huenda kilihitaji. Miaka saba ikipita halmashauri haiwezi kukushtaki, ila chumba hakigeuki halali, na wakili wa benki atauliza. Soma pia masharti ya kibali cha awali. Baadhi huagiza nyumba ikaliwe na mtu wa eneo hilo tu kwa miaka kadhaa.

Mwisho, kishika uchumba. Ofa ikikubaliwa unampa dalali amana inayorudishwa, na tangazo hubadilika kuwa nyumba imeshapata mnunuzi. Halimfungi mtu. Mpaka mikataba isainiwe na asilimia 10 ya bei ilipwe, muuzaji anaweza kumsikiliza aliyeongeza euro elfu tano, nawe unaweza kuondoka bila kupoteza amana. Kwa hiyo mhandisi, tangi, sampuli ya tofali na barua ya halmashauri kuhusu ruzuku vyote vifanyike katika wiki hizo. Baada ya saini, asilimia 10 hairudi tena.

Msomaji wenu,
Mayo, Ayalandi