Rufaa isikilizwe kabla ya mitambo kuzimwa

Mhariri,

Kila Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya inapozima kituo cha utangazaji, wanaoitetea hutukumbusha kwamba asiyeridhika ana nafasi ya kukata rufaa. Ni kweli. Sheria ya Habari na Mawasiliano imeunda jopo la rufaa, na sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala humtaka mlalamishi, kwa kawaida, apitie kwanza njia kama hizo kabla ya kubisha hodi Mahakama Kuu. Ninacholalamikia ni kwamba mitambo huzimwa leo, ilhali rufaa husikilizwa baadaye.

Januari 30, 2018, Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, alipokula kiapo kama “rais wa wananchi” katika bustani ya Uhuru, televisheni za Citizen, NTV na KTN zilitolewa hewani. Februari 1 Mahakama Kuu iliagiza zirejeshwe, lakini Okiya Omtatah, aliyewasilisha kesi hiyo, alisema alizuiwa kuingia alipopeleka agizo katika ofisi za Mamlaka, na Citizen haikurudi hadi Februari 8. Habari ya siku ile ilikuwa imekwisha kuchacha. Juni 25, 2025 mambo yalijirudia: Mamlaka ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, na mahakama iliposimamisha marufuku hiyo, vituo vilikuwa vimeshazimwa.

Katika kesi ya vituo vya televisheni kuhusu kuhama kutoka mfumo wa zamani wa utangazaji wa analojia kwenda dijitali, mambo yalikuwa tofauti. Mahakama ziliagiza mitambo ya analojia isizimwe wakati mvutano ukiendelea. Mahakama ya Rufaa ikavipa vituo ushindi Machi 2014, na Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo. Mamlaka ilisubiri, ikashinda, na Februari 2015 ikazima analojia. Sioni ilichopoteza kwa kusubiri, zaidi ya subira yenyewe.

Kwa hiyo ninaliomba Bunge lirekebishe sheria ili uamuzi wa kuzima kituo au kufuta leseni usitekelezwe kabla muda wa rufaa haujapita, na rufaa ikishawasilishwa, usubiri hadi isikilizwe. Mamlaka ikiamini kuna hatari isiyoweza kungoja, basi yenyewe ndiyo iende kwa jaji siku hiyohiyo na ushahidi wake kuomba ruhusa, badala ya kumwachia aliyezimiwa mitambo kazi ya kukimbilia mahakamani.

Msomaji wako,
Nakuru