Klarineti ya Besi Iliyotumika: Lipi Litengenezwe, Lipi Lizoewe

Wateja wengi wanaotuletea klarineti ya besi, ile ala ya kupulizwa yenye sauti nzito, waliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika hueleza shida ileile: noti za chini hazitoki mpaka vidole vikazwe, na kuanzia E ya nafasi ya juu ya mistari mitano sauti hukoroma au kuporomoka. Wengine wamekwisha kujizoeza kung'ata kinywa cha chombo wakiamini kwamba ndivyo kilivyo. Tunawasihi wasijizoeze hivyo kabla ya ukaguzi, kwa sababu vidole vinavyokazwa kila siku hupinda vibonyezo, na uvujaji mmoja huzaa mwingine.

Katika klarineti ndogo vidole huziba matundu mengi vyenyewe, lakini tangu Adolphe Sax, mtengenezaji wa ala wa Ubelgiji, alipoiunda upya klarineti ya besi mwaka 1838 na kuipa matundu mapana, kazi hiyo imekuwa ya pedi, yaani vifuniko laini vya kuzibia matundu, nazo ni nyingi na baadhi ni kubwa mno. Kwa hiyo noti ya chini ikikataa, kosa mara nyingi haliko chini: hewa inayotoroka kwenye pedi ndogo ya juu huidhoofisha kila noti inayofuata chini yake. Sisi huanzia shingoni na kushuka. Tunakata ukanda mwembamba wa karatasi ya sigara, tunauweka chini ya ukingo wa pedi, tunafunga kibonyezo taratibu, kisha tunauvuta. Ukikamatwa upande wa nyuma na kuteleza upande wa mbele, pedi haijakaa sawa hata kama kwa macho ni nzima. Hapa pwani unyevu huivimbisha haraka ile sufu iliyo ndani ya pedi, hasa utando wa juu ukiwa umechanika.

Mkoromo wa noti za juu una chanzo kingine. Vyombo vya daraja la juu vina matundu mawili ya kupandishia sauti, na kidole cha pete cha mkono wa kulia ndicho kinachoamua lipi lifunguke: kikishuka hufunguka la chini, kikiinuka hufunguka la juu. Kipande chembamba cha kuzuia mgongano kikichakaa kwenye wenzo unaounganisha sehemu mbili za chombo, matundu yote mawili hufunguka pamoja. Matengenezo yake ni madogo, na inasikitisha kwamba watu huuza chombo kizuri cha mpingo, mti wetu wa Kilwa na Lindi, kwa sababu hiyo tu.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hatutatoza fedha kuyatengeneza. Chombo cha wanafunzi chenye tundu moja la kupandishia sauti kimeundwa kwa kukubali upungufu fulani, na baadhi ya noti zake zitabaki na ukungu. B-flati ya mstari wa kati nayo huwa hafifu pale tundu hilohilo linapobeba kazi mbili: kupandisha sauti na kuitoa noti hiyo. Kuongeza vidole vya mkono wa kulia huipa uzito kiasi.

Unapoleta klarineti yako, ilete pamoja na kinywa na ridi (vile vipande vyembamba vinavyotetema kinywani) unazotumia, kisha uipige mbele ya fundi kama uipigavyo bendini, bila kujibana, ili tusikie kasoro kabla hatujagusa skrubu yoyote.