Ninachokitafuta chini ya kiti

Mwanangu,

Juzi tulipopanda gari pale Githurai uliniona nimeinama kuchungulia chini ya kiti kabla sijakaa, ukacheka, ukaniuliza, "Mama, umeangusha nini?" Nikakujibu sijaangusha kitu. Mbele ya abiria wale sikutaka kusema zaidi. Lakini Jumatatu unaanza kazi mjini, na barabara niliyoipita miaka yote hii sasa utakuwa unaipita wewe asubuhi na jioni, kwa hiyo ni haki yako kujua.

Ulikuwa mdogo sana mambo haya yalipoanza. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia kupigana na Al-Shabaab, na mwezi huo haukuisha kabla guruneti hazijaanza kurushwa Nairobi. Moja iliangukia watu waliokuwa wakingoja magari pale OTC. Machi 2012 ikawa stendi ya Machakos. Novemba mwaka huohuo bomu likalipuka ndani ya matatu Eastleigh, abiria wakiwa wamekaa. Kisha tarehe 4 Mei 2014, Jumapili, yakalipuliwa mabasi 2 kwenye barabara hii yetu ya Thika. Watu 3 walikufa na zaidi ya 60 wakaumia. Siku moja kabla, kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari kule Mombasa kilikuwa kimeshambuliwa, na hata wiki 2 hazikutimia ikaja zamu ya soko la Gikomba.

Kesho yake baada ya mabasi yetu kulipuliwa, ile Jumatatu, steji ilijaa watu vilevile. Mtu asiyepanda matatu hawezi kulielewa jambo hilo. Kodi ya nyumba haingoji magaidi wakamatwe, wala tajiri wako hakuulizi kama jana uliogopa. Tulipanda, ila tulipanda kwa namna nyingine. Viti vya nyuma vilikuwa vya mwisho kujaa. Kila mtu alipakata begi lake mwenyewe, na ukimwomba jirani akushikie mzigo alikutazama usoni kwanza. Mtu akishuka ghafla kabla ya steji yake, vichwa vyote viligeuka kukitazama kiti alichokiacha. Nilimwona mzee mmoja akikipapasa kile kiti kwa mkono, halafu akajifuta mkono kwenye suruali na kukaa kimya.

Makanga walipewa vile vifimbo vya kupimia vyuma. Kile cha gari letu kililia kwa funguo, kikalia kwa sarafu, kikalia kwa mkanda wa suruali, na makanga akasema tu "ingia, ingia," maana gari lazima lijae kabla kanjo, askari wa jiji, hawajatokea. Siku nyingine hakikulia kabisa kwa sababu betri ilikuwa imekwisha. Alikipitisha hivyohivyo, na sisi tukainua mikono hivyohivyo.

Kuna jambo ambalo hatukuwahi kukwambia. Unakumbuka baba yako alikuwa akitoka nyumbani mapema na mimi nikibaki nyuma, hata siku ambazo sote tulikuwa tunaenda mjini? Wewe uliamini mimi ni mzito wa kujiandaa. Ukweli ni kwamba tulikubaliana usiku mmoja, nyinyi mmelala, tusipande gari moja tena. Likitokea la kutokea, mmoja abaki na watoto. Tulipanga kama watu wanaopanga ada ya shule, nani atangulie, nani angoje simu ya "nimefika" ndipo atoke. Hatukulia wala nini. Nikajua baadaye kwamba hata majirani wa ghorofa ya juu walifanya vivyo hivyo.

Na bado nakwambia hofu yetu haikujua hesabu. Miaka hiyo barabara za Kenya zilikuwa zikiua karibu watu 3,000 kila mwaka, na dereva wetu alikuwa akiyapita malori huku anaongea na simu, shavu limejaa miraa, na hakuna abiria aliyethubutu kumwambia punguza mwendo. Tuliogopa begi. Dereva hatukumwogopa.

Tena si begi la kila mtu. Aprili 2014, mwezi mmoja kabla ya mabasi yetu kulipuliwa, serikali ilifanya msako mkubwa, hasa Eastleigh, maelfu wakakamatwa, wengi wao Wasomali, wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Uwanja ule ule ambao gari letu huupita kila asubuhi. Nilikuwa nauona dirishani nikiwaza juu ya yule mama wa Eastleigh niliyekuwa nikichukua vitambaa kwake kwa mkopo, mwenye kitambulisho cha Kenya kama changu, kama naye yumo mle ndani.

Ndani ya gari msako uliendelea bila polisi. Jioni moja alipanda mwanamke amevaa jilbabu, na kifimbo cha makanga, ambacho kwetu kilikuwa kinapita juu juu, kwake kilirudi mara 3. Akaambiwa afungue begi. Ndani mlikuwa na sare ya shule ya mtoto, mkate na chupa ya chai. Sauti ikatoka nyuma, "Fungua hiyo chupa." Akaifungua, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akanywa. Hakusema neno. Watu 2 walishuka hata hivyo, na kiti cha kando yake kilibaki wazi hadi nilipoenda kukaa mimi. Hatukuzungumza mambo makubwa. Aliniuliza kama gari linapitia Roysambu.

Baadaye nilipata maneno ya kuieleza jioni ile, kutoka mbali kabisa. Novemba 2014 wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililotoka Mandera kuja Nairobi, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua watu 28, walimu wakiwamo, waliokuwa wanarudi makwao kwa likizo ya Desemba. Desemba 2015 walijaribu tena katika njia za huko huko Mandera. Safari hiyo abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akikataa, na Januari 2016 akafariki kwa majeraha hayo. Kumbuka waliotaka abiria wachambuliwe ni akina nani. Sisi wa Githurai tulikuwa tunawafanyia kazi hiyo bure, na hakuna aliyetushikia bunduki.

Kwa hiyo chungulia chini ya kiti, sikukatazi. Ukiona begi na huoni mwenyewe, usiliguse na usinong'one, uliza kwa sauti gari zima lisikie, "Hili begi ni la nani?" Likikosa mwenyewe, mwambie dereva asimame, shukeni wote, msogee mbali, mpige 999. Ukisikia mlipuko ukiwa ofisini usikimbilie dirishani. Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa, watu wengi mjini walisikia kishindo cha kwanza wakaenda kuchungulia, bomu lenyewe likalipuka, vioo vikawatoboa macho. Na mtu akipanda na jilbabu lake au kanzu yake, sogea akae.

Gari la saa kumi na mbili ni bora kuliko la saa moja; muziki wake unasikilizika na msongamano unakuwa haujaanza. Nauli ya wiki ya kwanza nimekutumia kwa M-Pesa, usiile kwa chipsi. Ukifika nitumie ujumbe. Baba yako anasema namba yako atakuwa anaipiga yeye, usiache simu bila chaji. Na dereva akiwa na simu sikioni, mwambie aiweke chini. Watakutukana kidogo.

Mama yako