Wapalestina wanahitaji njia ya kupitisha mizigo

Mhariri,

Wafadhili wanaosaidia wafanyabiashara wa Palestina kuuza nje hulipia mafunzo, vifungashio, vyeti vya ubora na maonyesho ya biashara. Sipingi. Tende za Yeriko, mafuta ya zeituni ya Nablus na mawe ya ujenzi ya Hebron yanastahili soko pana.

Lakini mzigo ukifika kivuko kama cha Tarqumiya, kati ya Ukingo wa Magharibi na Israeli, kwa kawaida lori la Mpalestina huishia hapo. Bidhaa hushushwa, hukaguliwa, kisha hupakiwa upya kwenye lori la upande wa pili. Chupa huvunjika, tende hukaa juani, na gharama yote anabeba mwenye mali. Itifaki ya Paris ya 1994, mkataba wa kiuchumi kati ya Israeli na Wapalestina, imewafunga kwenye forodha ya Israeli, na bandari yao wenyewe hawana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mauzo yao huishia Israeli kwenyewe.

Uholanzi iliwahi kutoa skana, mashine ya kukagua makontena bila kuyafungua, kwa kivuko cha Kerem Shalom kati ya Gaza na Israeli. Teknolojia ipo basi. Kinachokosekana ni ruhusa. Wafadhili waidai waziwazi: kontena lifungwe lakiri kiwandani, lifike bandari ya Ashdod, Israeli, bila kufunguliwa. Na kwa Gaza, ambako viwanda vimebomolewa, mashine na umeme vitangulie semina.

Msomaji wako,
Tanga