Sindano kavu pekee haiponyi bega

Mhariri,

Siku hizi mtu akilalamika bega linauma, hakosi wa kumwelekeza kwenye sindano kavu. Sisi wataalamu wa fiziotherapia tunaitumia tiba hiyo, na inasaidia kwa kiasi chake. Kinachotukera ni kuiuza peke yake, vikao sita au kumi kwa mpigo: mgonjwa analala, anachomwa, analipa, anakwenda zake bila kufundishwa zoezi hata moja.

Huitwa kavu kwa kuwa haina dawa. Ni sindano isiyo na tundu, unene wa milimita 0.25 hadi 0.30, urefu wa milimita 25 hadi 50. Ikigusa kifundo kilichokaza ndani ya msuli, msuli hushtuka mara moja kisha hulegea. Karel Lewit, daktari wa Chekoslovakia, aliandika mwaka 1979 kwamba nafuu huweza kuletwa na mchomo wenyewe, bila dawa yoyote kudungwa.

Pa kuchoma si lazima pawe panapouma. Msuli uliolala nyuma ya kombe la bega ukikaza, maumivu husikika mbele ya bega na kuteremka mkononi. Mgonjwa huonyesha mbele, na asiyejua huchoma mbele. La hatari zaidi ni msuli wa kati ya shingo na bega, kwani chini yake ndipo ilipo ncha ya pafu. Msuli huo hubanwa kwa vidole na kunyanyuliwa, sindano ikapitishwa kwenye nyama iliyoshikwa, kamwe isielekezwe kifuani. Pafu likitobolewa, kifua huchoma na pumzi hukata, pengine saa kadhaa baada ya mtu kufika nyumbani. Hapo ni kukimbilia hospitali. Msuli uliochomwa kuuma siku moja au mbili ni kawaida.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, aseme kabla ya kuchomwa. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya mgonjwa, na sindano ikishatumika itupwe.

Nafuu ya sindano mara nyingi ni ya siku au wiki chache, na ndio muda wa kufanya mazoezi. Kano za bega, yaani nyuzi zinazoshikiza misuli kwenye mfupa, hupata nguvu kwa kubebeshwa mzigo. Lala kwa ubavu usiouma. Kunja kiwiko cha mkono unaouma digrii 90, ukibane ubavuni juu ya taulo iliyokunjwa, ushike chupa ya nusu lita iliyojaa maji. Inua kiganja kuelekea darini ukihesabu tatu, shusha ukihesabu tatu. Mara 10, kisha pumzika. Mizunguko mitatu, kila baada ya siku moja. Maumivu yasizidi 4 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yawe yametulia. Yasipotulia, mwaga maji kidogo, lakini zoezi usiliache. Kazi hii huchukua wiki 12 hivi. Wengi huacha mara tu maumivu yakipungua, kano ikiwa bado dhaifu, kisha hurudi wakisema sindano imeisha nguvu!

Lipo pia bega lililoganda, linalowapata zaidi wenye kisukari. Dalili yake: hata mtu mwingine akijaribu kukugeuzia mkono kuelekea nje, haugeuki. Hapo kilichosinyaa ni mfuko wa kiungo, na sindano kavu haiufungui hata ukichomwa mara ishirini. Na bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana na jasho jembamba, usije kwetu. Nenda idara ya dharura, huenda ni moyo.

Kenya ina sheria ya wataalamu wa fiziotherapia tangu mwaka 2014, hivyo mgonjwa ana haki ya kuuliza leseni kabla ya kuvua shati. Na kabla ya kulipia kikao cha pili, aulize: zoezi langu la nyumbani ni lipi?

Wataalamu wa fiziotherapia,
Mombasa